Kamera inapopita Bahi: picha hii inapigwa kwa ajili ya nani?

Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria hadi Dodoma Julai 25, 2024, safari ya kutoka Dar es Salaam iliyokuwa ikimaliza siku nzima barabarani imekuwa ya saa chache. Pamoja na watumishi, wafanyabiashara na wanafunzi, ameongezeka msafiri wa aina nyingine: kijana mwenye kamera begani anayeshuka stesheni, akakodi pikipiki au gari, akashika njia ya Bahi na Manyoni, ya Kondoa au ya Mtera, kutafuta sura za watu. Jioni picha zake ziko mtandaoni. Baadhi ni nzuri kweli, nyingine zinaumiza. Wakati huohuo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika, tangu Mei 1, 2023, na Tume ya kuisimamia ilizinduliwa Aprili 3, 2024. Hapo ndipo ulipozuka ubishi. Wapo wanaosema sheria imekuja kuua upigaji picha wa safari. Wapo wanaosema sasa kila picha ya mwanakijiji lazima iwe na karatasi iliyosainiwa na fedha iliyotolewa papo hapo. Wote wanabishania sekunde ile ya kubonyeza kitufe, na naamini hapo ndipo wanapopotea. Jambo lenye uzito ni picha inapigwa kwa ajili ya nani, na inakwenda kusema nini juu ya yule mtu baada ya mpiga picha kuondoka. Sheria yenyewe, ikisomwa kwa utulivu, inauliza hilohilo.

Upigaji picha wa kuzunguka vijijini hatukuuanza jana. Kabla ya simu zenye kamera kuenea, minada ya mkoa wa Dodoma ilikuwa na wapiga picha wake. Mtu wa kazi hiyo alikuja na kamera ya filamu, akatundika kitambaa chenye maua au mandhari ya ziwa, akasubiri. Waliomfuata walikuwa wamejiandaa: shati limepigwa pasi, kitenge kipya, mtoto amepakwa mafuta. Wao ndio walioamua wasimame au wakae, mkono uwe begani au kiunoni, redio iingie kwenye picha au ibaki pembeni. Walitoa kianzio. Filamu ilipokwisha mpiga picha aliipeleka mjini kusafishwa, na mnada uliofuata akarudi na bahasha. Asiporudi alitafutwa, maana watu walikuwa wamelipia. Picha ile iliishia ukutani ndani ya fremu, au kwenye sanduku pamoja na kadi ya kliniki na cheti cha ubatizo. Mteja na mpigwa picha walikuwa mtu mmoja. Sisemi hivyo kwa kutamani zamani; ni kwa sababu utaratibu ule ulikuwa na majibu ya maswali ambayo leo tunayaona magumu. Ruhusa, matumizi na nakala vyote vilimalizwa palepale kwenye kitambaa cha maua.

Kuna ukoo mwingine wa kamera, na huo ulikuja na reli. Reli ya Kati ilifika Dodoma mwaka 1910, na enzi hiyo ya Mjerumani walikuwapo wapiga picha waliozunguka koloni kibiashara, akiwamo Walther Dobbertin, ambaye picha zake nyingi zimo katika Hifadhi ya Nyaraka ya Shirikisho la Ujerumani na ziliwekwa wazi mtandaoni kuanzia mwaka 2008. Ukizipitia utaona watu, nyumba, mifugo na masoko. Utaambiwa kabila, kazi au mahali. Jina la mtu ni nadra kulikuta. Picha hizo zilipigwa kwa ajili ya watazamaji waliokuwa Ulaya, na kwao ilitosha kujua kwamba huyu ni wa kabila fulani. Hata hivyo leo tunazihitaji. Anayetaka kujua watu wa enzi hizo walivaa nini au walijenga vipi atazitazama kwa shukrani. Kwa hiyo siwezi kuungana na wanaotaka kamera zifungiwe nje ya vijiji. Ila mjukuu anayemtafuta bibi wa bibi yake ndani ya hifadhi hiyo hatampata, hata kama yumo. Uso umehifadhiwa, mwenye uso hayumo.

Mpiga picha wa leo anayeteremka Dodoma amerithi koo zote mbili. Anazungumza Kiswahili, huenda mama yake ni wa Mpwapwa au Kondoa, anaamkia wazee shikamoo. Kwa hilo yuko karibu na yule wa mnadani. Lakini mteja wake hayuko Bahi. Yuko mtandaoni, au ni shirika linalotaka picha za ripoti, au ni kampuni ya utalii. Huo ndio mgeuko ambao mjadala wetu unauruka, na madhara yake hayaanzi kwenye kubonyeza kitufe. Yanaanza kwenye maelezo yanayoandikwa chini ya picha.

Chukua suala la majira. Sehemu kubwa ya Dodoma hupata mvua ya wastani wa milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi iliyobaki ni mikavu. Msafiri mwenye kamera huja Juni hadi Oktoba, kwa sababu njia za vijijini zinapitika, anga ni safi, na ndio msimu wa watalii. Basi anachokikuta ni ardhi tupu, ng'ombe waliokonda, vumbi, mibuyu isiyo na jani. Anapiga, anaandika chini yake neno ukame. Lakini aliyemkuta amekaa chini ya mbuyu Septemba hajakumbwa na ukame. Amevuna uwele au mtama wake, ameshauweka ndani, na huo ndio muda wa ngoma, wa harusi, wa kukarabati nyumba na wa kupumzika. Mwezi Machi eneo hilohilo lina kijani hadi macho yanachoka, mashamba ya mpunga ya Bahi yamejaa maji, na mwenye kamera hayupo. Sikatai kwamba ukame upo. Upo, na miaka mibaya inakuja na njaa ya kweli. Ndiyo maana inauma zaidi neno hilo linapobandikwa kwenye kiangazi cha kawaida: mwaka mbaya utakapokuja, picha itakuwa ileile iliyozoeleka, na hakuna atakayeshtuka.

Nchi hii ilishawahi kusomwa vibaya na wapita njia, tena kwa gharama kubwa. Mwaka 1946 ujumbe wa Uingereza ulioongozwa na John Wakefield ulizunguka kwa wiki chache, sehemu kubwa ukitazama kutoka kwenye ndege, ukapendekeza kilimo kikubwa cha karanga. Kongwa ikachaguliwa kuwa moja ya maeneo ya mradi. Kazi ikaanza 1947. Udongo ule, ambao kiangazi huwa mgumu kama saruji, uliharibu mashine, mvua haikutosha, mwaka 1951 mradi ukatelekezwa. Wenyeji waliokuwa wakilima na kuchunga hapo walijua tabia ya ardhi yao kwa majira yote. Waliokuja waliona pori tupu linalosubiri trekta. Picha ya safari haiwezi kufanya hasara ya namna hiyo peke yake, lakini huzaliwa na tabia ileile ya kuchukua kilichoonekana siku moja na kukiita hali ya mahali.

Mwilini na nyumbani ni hivyohivyo. Ukipita Singida utakutana na watu wazima na vijana ambao meno yao yana rangi ya kahawia. Ni madini ya floridi katika maji ya visima, yaliyowaingia tangu utotoni meno yalipokuwa yakiota. Mtu anaweza kuyapiga mswaki kila siku na rangi isitoke. Kamera yenye lenzi ya kuvuta inaliona tabasamu lile, inalikuza, na mtazamaji wa mbali anahitimisha uchafu au ufukara. Tembe ya Kigogo nayo, yenye paa bapa la udongo juu ya miti, hupigwa kama nyumba iliyoporomoka, ilhali ni ujenzi uliobuniwa kwa ajili ya mvua chache, jua kali na upepo wa nyanda hizi. Ukiingia ndani saa nane mchana ndipo utakapoelewa kwa nini bibi hana haraka ya kuhamia kwenye nyumba ya bati. Mpiga picha asiyeyajua haya anaweza kuwa mwema kabisa na bado akapeleka mjini habari isiyo ya kweli, huku picha yenyewe haina hila hata moja.

Sasa tuwasikilize wapiga picha, maana hoja yao nzito ni ya kweli. Wanasema barabara ni ya wote, na Ibara ya 18 ya Katiba inalinda uhuru wa kutoa na kupokea habari. Wanasema ukiomba ruhusa kwanza, mtu ananyooka kama anayepiga picha ya pasipoti, na kile ulichokiona kimekwisha: mkono uliokuwa ukipima asali, kicheko cha wauza nafaka wa Kibaigwa, mtoto aliyelala mgongoni. Wanaongeza kwamba maisha ya vijijini yanabadilika haraka, na asipoyapiga mtu leo hayatakuwepo. Yote haya nayakubali. Lakini hayazuii hatua inayofuata. Unaweza kupiga kwanza kisha ukashuka, ukasalimia, ukaonyesha kioo cha kamera, ukasema wewe ni nani na picha inakwenda wapi, na mtu akikataa ukaifuta mbele yake. Wazuri wa kazi hii wanafanya hivyo siku zote, na picha zao hazijaharibika. Kwa kweli mara nyingi picha bora huja baada ya mazungumzo hayo, mtu akishajua anatazamwa na nani.

Hoja dhaifu kuliko zote, ambayo kwa bahati mbaya nimeisikia hata kwa watu wanaoheshimika katika fani, ni kwamba mtu wa kijijini hana mtandao, hataiona picha, kwa hiyo hadhuriki. Anayesema hivi hajakaa kijijini karibuni. Simu janja ya mtoto wa kaka iko pale, na kundi la WhatsApp la ukoo lina watu wa Dar es Salaam, Mwanza, Arusha na wa kitongojini kwenyewe. Chuo Kikuu cha Dodoma kimekuwepo tangu 2007 na kina wanafunzi kutoka vijiji vya barabara hizihizi. Mfikirie binti anayesoma hapo, ambaye mama yake anauza vitunguu kandokando ya lami na kwa biashara hiyo amemlipia sare, nauli na daftari. Siku moja anafungua simu anakuta uso wa mama yake, na chini yake ombi la kumsaidia maskini huyu. Mama huyo hakuomba kitu kwa mtu. Kosa hapa haliponi kwa kusema mama hakuiona. Na hata kama ukoo mzima usingeiona, kumsemea mtu uongo mahali asipoweza kujibu kunabaki kuwa kumdhulumu.

Upande wa pili, wa karatasi na fedha, nao una ukweli wake. Picha inaweza kuuzwa, na si haki mmoja apate na mwingine abaki na vumbi la gari. Lakini dawa inayopendekezwa inatibu mahali pasipouma. Fedha inayotolewa barabarani kabla ya picha inanunua pozi. Eneo la Ziwa Eyasi, ambako watalii hulipia kwenda kuwaona Wahadzabe, linaonyesha mambo yanavyokwenda: mgeni anaonyeshwa kile kinachodhaniwa alikuja kukitafuta, na mengine ya maisha ya watu hao hayapati nafasi. Karatasi nayo, tena iliyoandikwa kwa lugha ya mwanasheria, inamlinda mpiga picha na shirika lake kuliko inavyomlinda aliyesaini. Sahihi ya mtu asiyeelewa anachosaini haina tofauti na ukimya wake.

Tatizo kubwa zaidi la karatasi ni kwamba inachukulia ruhusa kuwa jambo jepesi, mtu anasema ndiyo au hapana. Katika vijiji vyetu si jepesi. Kwanza kuna ukarimu: mgeni aliyekuja na salamu ya Kigogo, mbukwa, akapewa kigoda na maji, ni vigumu kumnyima kitu anachoomba, hasa mbele ya majirani. Pili, na hili naona halizungumzwi kabisa, kamera kijijini ina historia ya kiserikali. Mtu amepigwa picha alipojiandikisha kupiga kura kwa mashine za BVR, zinazochukua sura na alama za vidole, mwaka 2015, akapigwa tena kwa kitambulisho cha taifa cha NIDA. Kuandikwa jina na mgeni mwenye daftari, kama ilivyokuwa kwa kaya zilizoingia TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, kumemletea stahili fulani. Kwa uzoefu huo, mgeni mwenye kamera na daftari ni dalili kwamba kuna jambo linakuja. Muuza asali mmoja wa njia ya Manyoni aliwahi kunikalia vizuri kabisa nimpige, akatengeneza kilemba, na nilipomaliza akaniuliza fomu iko wapi. Alikuwa amekubali, lakini alichokubali hakikuwa nilichokuwa nikifanya.

Ndiyo maana naona sheria hii imefika mahali pake. Msingi wake mmoja ni kwamba taarifa za mtu zikusanywe kwa kusudi mahususi na halali, na mwenyewe alijue kusudi hilo. Sura inayotambulika ni taarifa binafsi, lakini sheria haisemi kamera ni haramu. Jirani zetu wa Kenya wameshaanza kuona maana yake kwa vitendo. Septemba 2023 Kamishna wao wa Ulinzi wa Data aliitoza baa moja ya Nairobi shilingi za Kenya 1,850,000 kwa kutumia mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi. Tazama waliotozwa. Ni biashara zilizotumia sura za watu kujitangaza, na tena sheria ya Kenya ya 2019 imetenga nafasi kwa uandishi wa habari, fasihi na sanaa. Anayeogopa kwamba picha ya mchungaji njiani itampeleka mahakamani anaogopa kivuli. Anayepaswa kuwa na wasiwasi ni yule anayempiga mchungaji kama kumbukumbu ya safari, kisha miaka miwili baadaye anaiuza picha hiyohiyo kwa tangazo la mbolea au kwa ripoti ya utapiamlo. Kusudi limebadilika na mwenye sura hajaulizwa. Na kwa watoto, ambao taarifa zao sheria yetu imeziweka katika kundi nyeti, neno la mtoto kusema "nipige" halitoshi, hata akisema kwa kuruka na kucheka.

Kuna mgongano hapa ambao siwezi kuuficha. Nimelalamika kwamba picha za zamani hazina majina, na wakati huohuo nimeunga mkono sheria inayolinda taarifa za watu, jina likiwamo. Jibu langu ni kwamba jina ni la mwenyewe kulitoa. Mtu mzima aulizwe kama anataka jina lake liandikwe, na aandike mwenyewe au aseme mpiga picha aliandikeje. Wengi watataka, na wasiotaka waheshimiwe. Jina la mtoto na kitongoji chake vibaki kwenye daftari la mpiga picha. Tarehe na msimu viandikwe daima, maana "Bahi, Septemba, baada ya mavuno" inatosha kuzuia uongo mwingi. Na nakala irudi. Leo hili ni rahisi kuliko enzi za filamu: studio za mjini zinatoa picha kwa muda mfupi, kondakta wa basi anayepita njia hiyo kila siku atafikisha bahasha dukani, na ambako kuna simu janja picha inatumwa usiku huohuo. Mpiga picha anayejua kwamba picha itarudi kwa aliyepigwa hataandika chini yake kitu asichoweza kumsomea usoni. Kwangu hilo lina nguvu kuliko fomu yoyote.

Kinachokosekana ni mwongozo. Tume imekuwa ikihimiza wanaokusanya na kuchakata taarifa wajisajili, na kwa benki, hospitali na kampuni za simu hilo linaeleweka. Kijana mwenye kamera moja na ukurasa wa Instagram hajui kama anahusika, na afisa mtendaji wa kijiji hajui zaidi yake. Ukurasa mmoja wa Kiswahili chepesi ungetosha, uliobandikwa ofisi za vijiji na kusambazwa kwa vyama vya wapiga picha, unaotofautisha kumbukumbu, habari, sanaa na tangazo, na kusema wazi mtoto alindwe vipi. Usipotoka, nafasi hiyo itajazwa na wengine. Tayari kuna mahali mpiga picha huulizwa barua ya wilaya ndipo asalimie watu, na barua hiyo haimlindi muuza asali hata kidogo, kwa kuwa hakuna anayemuuliza yeye. Mashirika makubwa na wageni wenye madereva watazipata barua hizo. Watakaokwama ni vijana wa Dodoma na Singida wenyewe, ambao wangeweza kwenda Machi wakati hakuna mgeni, wakalala kijijini, wakaongea Kigogo, Kirangi au Kinyaturu, na kurudi mnada unaofuata wakiwa na bahasha mkononi.